Kuisoma atomi kwa boksi la viatu, CD kuukuu na chumvi ya jikoni

Mwambie mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Mombasa akuchoree atomi ya sodiamu, ataichora kabla hujamaliza kusema. Kiini katikati, duara tatu, vitone vya elektroni viwili, vinane, kimoja: 2.8.1. Sasa muulize ni nani aliyeviona hivyo vitone, na alivionaje. Hapo ndipo penseli husimama.

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa televisheni na redio, kibanda changu kiko Mwembe Tayari, na watoto wa majirani hunijia jioni na madaftari yao kwa vile wamesikia fundi anajua mambo ya elektroni. Nayajua kwa upande wangu. Elektroni ndizo zilizonilisha tangu enzi za televisheni zenye mgongo. Ninachokiona kwenye madaftari hayo ni majina yamepangwa foleni, Dalton, Thomson, Rutherford, Bohr, kila mmoja na mchoro wake, na mtoto kameza yote bila kuambiwa kilichomlazimisha huyu kuufuta mchoro wa yule. Wala haikuwa ubishi wa maneno. Kila mara kuna kitu kilionekana maabara, na mchoro wa zamani ukashindwa kukieleza. Vitu viwili katika hivyo unaweza kuviona kwa macho yako hapa hapa, na kimoja unaweza kukiiga kwa gololi.

Nitaanza na hayo mepesi, kisha tukae kwenye kisanduku cha kuonea mistari ya rangi, kwa sababu huko ndiko kwenye utamu.

Televisheni ya mgongo na sumaku ya spika

John Dalton, mwanakemia wa Kiingereza, tumwache apite. Mwaka 1808 alishaandika kwamba kila elementi ina atomi zake zenye uzito wake, na kwamba atomi haigawanyiki. Kwa hesabu za kemia ilitosha, na hakuna cha kukuonyesha jikoni.

Anayetuhusu ni J. J. Thomson wa Cambridge, mwaka 1897. Alikuwa akichunguza miale inayotoka kwenye kipande cha chuma ndani ya mrija wa kioo uliotolewa hewa. Televisheni ya zamani hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: ndani hamna hewa, nyuma kabisa kuna kitu kinachotema elektroni, umeme mkali unazivuta mbele, nazo zikigonga kioo kilichopakwa unga maalumu, kinawaka.

Tafuta televisheni ya nyeusi-na-nyeupe, hata kama inaonyesha chenga tupu. Kwa mafundi bado zipo, zimekaa juu ya makabati zikila vumbi. Chukua sumaku ya spika iliyokufa, uisogeze polepole mbele ya kioo. Picha itajikunja kuelekea upande mmoja. Igeuze sumaku, picha nayo itajikunja upande wa pili. Mwanga wa tochi hauwezi kuupinda hivyo hata ukileta sumaku ya ukubwa wa sufuria. Kwa hiyo kinachoruka ndani ya kile kioo si mwanga. Ni kitu chenye chaji.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Usijaribu kwenye televisheni ya rangi, maana sumaku huacha doa la zambarau au kijani ambalo halitoki bila kifaa cha kuondolea sumaku, na mimi nitakutoza. Pili, usifungue mgongo wake hata kama imechomolewa stima. Televisheni ya rangi hutumia volti 20,000 na zaidi, na kioo chenyewe hubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa.

Thomson hakuishia kutazama mpindo. Aliipinda miale kwa sumaku, akaipinda kwa umeme, akapima, na kwa vipimo hivyo akapata uhusiano kati ya chaji na uzito wa hizo chembe. Zilionekana kuwa nyepesi kuliko atomi ya haidrojeni zaidi ya mara 1,000. Leo tunajua ni mara 1,836 hivi. Akabadilisha gesi ndani ya mrija, akabadilisha chuma cha elektrodi, jibu likawa lile lile. Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, nami naona vitabu vingi vya shule vinapapita mbio. Kama chembe ile ile inatoka kwenye kila chuma unachokiweka, basi imo ndani ya kila atomi, na lile neno la Dalton kwamba atomi haigawanyiki limekwisha.

Lakini atomi nzima haina chaji. Elektroni ni hasi, basi chaji chanya iko wapi? Mwaka 1904 Thomson alipendekeza kwamba atomi yote ni tufe la chaji chanya, na elektroni zimepangika ndani yake. Lilikuwa wazo la busara kwa wakati wake, usilicheke.

Gololi chini ya ubao

Mwaka 1909, huko Manchester, Hans Geiger na mwanafunzi wa miaka 20 aitwaye Ernest Marsden walikuwa wakielekeza chembe za alfa, yaani chembe ndogo zenye chaji chanya ziendazo kasi, kwenye vipande vya madini vyembamba mno. Dhahabu ilifaa kwa sababu anayoijua kila sonara wa Mji wa Kale: unaifua na kuifua, inazidi kuwa nyembamba bila kupasuka. Kama chaji chanya ingekuwa imetapakaa kwenye tufe zima, chembe zote zingepita zikiwa zimepinda kidogo tu. Na kweli karibu zote zilipita. Ila zipo zilizorudi zilikotoka. Kwenye platini walihesabu takribani 1 katika kila 8,000.

Ernest Rutherford, mkuu wa maabara, alikaa na jambo hilo mpaka 1911 ndipo akatoa jibu: chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomi vimebanwa kwenye kiini kidogo sana, na kwingine kote ni uwazi wenye elektroni.

Hii unaiiga hivi. Tafuta kipande cha plaiwudi chenye upana wa sentimita 60, kiinue kwa vitabu kwenye pembe zake kiasi cha gololi kupita kwa nafasi. Mwenzako aweke kitu cha mviringo na kizito chini yake bila wewe kuona. Kopo dogo la nyanya lililojaa linafaa. Andika namba 1 hadi 60 kwenye vikaratasi. Chomoa kimoja, rusha gololi moja kwa moja mbele kutoka sentimita hiyo ya ukingo wa ubao, kirudishe kikaratasi, changanya, chomoa tena. Fanya hivyo mara 100, ukihesabu gololi ambazo hazikutoka moja kwa moja upande wa pili. Usiache vikaratasi ukasema utarusha kwa kubahatisha tu. Mkono una tabia ya kulenga hata ukiukataza.

Tuseme 11 katika 100 ziligonga. Zidisha 60 kwa 11, gawanya kwa 100: sentimita 6.6. Toa upana wa gololi yenyewe, sentimita 1.5, kwa kuwa gololi hugonga hata ikigusa kwa ubavu tu. Inabaki 5.1. Inua ubao, pima kopo. Watoto wa jirani yangu walipoona namba na rula zinakaribiana hivyo, walilirudia zoezi kwa nati, kisha kwa betri iliyosimamishwa, mpaka wakaitwa kula.

Rutherford naye alipiga hesabu za aina hiyo, ingawa zake ni ngumu zaidi, kwa sababu chembe ya alfa haigongi kiini. Inasukumwa na chaji yake kabla haijakifikia. Kwa atomi ya dhahabu, kiini ni kidogo kuliko atomi nzima karibu mara 20,000 kwa upana. Kiini kingekuwa gololi ya sentimita 1.5 iliyowekwa katikati ya Fort Jesus, ukingo wa atomi ungekuwa mita 150 kila upande, nje ya kuta za ngome.

Sasa tatizo. Elektroni inayozunguka kiini inageuza mwelekeo kila wakati, na chaji inayogeuza mwelekeo, kwa fizikia ya siku zile, lazima itoe mwanga na kupoteza nishati. Ikipoteza nishati inasogea ndani, inazunguka kwa kasi zaidi, inapoteza tena. Ukipiga hesabu, elektroni ya haidrojeni ingeangukia kwenye kiini ndani ya sekunde 0.00000000001 hivi. Wewe na kiti ulichokikalia msingekuwepo. Tena ikiwa inaanguka, ingetoa mwanga wa rangi zinazofuatana bila kukatika. Je, atomi hutoa mwanga wa namna hiyo? Swali hilo halihitaji kitabu. Linahitaji boksi.

Kisanduku chenyewe

Tafuta boksi la viatu vya watu wazima, lenye kina cha sentimita 11 au zaidi na mfuniko wake. Nyembe mbili mpya. Selotepu nyeusi kama unayo. Ile ya mafundi wa stima ni nzuri. Kisu kikali, rula, na CD moja usiyoihitaji. Iwe CD, si DVD. Mistari iliyochorwa kwenye CD imepishana mikromita 1.6, ya DVD mikromita 0.74, na vipimo nitakavyokupa vimepigiwa CD. Hiyo mistari ndiyo inayotawanya mwanga ukawa rangi. Unaiona kila ukiigeuza CD juani.

Chagua ukuta mmoja mfupi wa boksi uwe wa nyuma. Mguu wa CD ukae chini kwenye sakafu ya boksi, sentimita 6 kutoka ukuta huo, na kichwa chake kiegemee ukuta. CD ina upana wa sentimita 12, kwa hiyo ukiweka hivyo imeinama nyuzi 60 bila haja ya kupima pembe. Upande unaong'aa utazame mbele na juu. Ibane kwa selotepu mguuni na kichwani, ila usizibe sehemu ya chini katikati, maana ndiyo tutakayoitumia.

Ukuta wa mbele, kata dirisha lililolala, upana sentimita 3 na kimo sentimita 1, katikati yake pawe sentimita 2 kutoka sakafuni. Juu ya dirisha hilo utabandika nyembe mbili zikitazamana kwa makali. Kunja kipande cha karatasi ya daftari mara moja, kiweke katikati, zisogeze nyembe mpaka zikibane, zibandike kwa selotepu, halafu chomoa karatasi. Umepata ufa. Uwe umelala sambamba na sakafu, na upana wake uwe sawa toka mwanzo hadi mwisho. Hapa usiwe na haraka. Ufa ukiwa mpana, mistari itakuwa minene na itaingiliana. Ukiwa umepinda, rangi zitakaa upogo.

Kwenye mfuniko toboa tundu la kuchungulia la sentimita 2, kwenye mstari wa katikati, sentimita 5 kutoka ukuta wa nyuma. Funika, kisha ziba kila penye mwanya kwa selotepu. Mwanga uingie kwa ufa peke yake.

Unachungulia kutoka juu, ukitazama chini moja kwa moja, huku ufa umeelekea kwenye mwanga. Usipoona kitu, sogeza kichwa mbele na nyuma kidogo; rangi zipo, jicho tu halijazikuta. Mtoto mfupi atazikuta kabla yako.

Cha kutazama, na kwa mpangilio gani

Anza na anga mchana. Anga, si jua. Usiuelekeze ufa kwenye jua hata kidogo. Utaona rangi zote, nyekundu mpaka zambarau, zimeshikana. Ufa ukiwa mwembamba sana unaweza kuona mistari hafifu ya giza ndani yake. Ndiyo aliyoichora Joseph Fraunhofer mwaka 1814. Globu ya zamani ya waya nayo hutoa rangi zilizoshikana, na mshumaa vile vile. Globu nyeupe ya LED hutoa fungu la buluu, kisha bonde, kisha mkanda mpana wa kijani mpaka nyekundu.

Sasa elekeza kwenye tyubu ndefu ya dukani au enajisava. Mkanda umekatika. Kuna mstari mkali wa buluu-zambarau, mmoja wa kijani unaokuchoma jicho, na wa rangi ya machungwa kuelekea nyekundu. Wa buluu na wa kijani ni wa atomi za zebaki zilizo ndani ya tyubu: nanomita 436 na 546 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina urefu wake). Wa machungwa, kama 611, unatokana na unga uliopakwa ndani. Kwa sababu ya hiyo zebaki, enajisava iliyokufa usiipasue.

Kisha taa ndogo nyekundu ya ekstenshoni au ile ya ndani ya tesa. Nyingi kati yake ni neoni. Mwanga wake ni hafifu, kwa hiyo usogeze ufa karibu kabisa, chumba kiwe na giza. Utaona mistari imesongamana kwenye machungwa na nyekundu, na kwingine kutupu. Tesa asiishike mtoto. Aitiwe mtu mzima anayejua.

Mwisho chumvi, na hii ndiyo ninayoipenda. Stima ikipotea usinung'unike, ndiyo saa yake. Washa meko ya gesi, rekebisha mpaka moto uwe wa buluu safi. Yeyusha chumvi nyingi kwenye maji kidogo, chovya ncha ya uma wa chuma, mwenzako aushike kwa koleo ncha ikiwa kwenye ukingo wa moto. Wewe kaa hatua moja nyuma na boksi lako, maana boksi ni karatasi na moto ni moto. Moto utageuka njano. Chungulia: mstari mmoja wa njano, peke yake, na giza huku na huku. Hilo ndilo jibu la swali letu: atomi haikutoa rangi zinazofuatana bila kukatika, imetoa mstari. Ni nanomita 589. Kwa kweli ni miwili, 589.0 na 589.6, lakini kisanduku chetu hakina uwezo wa kuitenganisha.

Ukitaka kijani, tumia waya wa shaba uliochunwa plastiki yote (usiichome plastiki, moshi wake ni sumu) na uuchovye kwenye maji yale yale ya chumvi. Kijani utakipata, ila mikanda yake ni mipana, si mistari myembamba, kwa sababu nyingi ya hiyo ni ya molekuli za shaba na klorini, si ya atomi pekee. Na njano ya sodiamu itajipenyeza hapo pia. Hapa pwani huikimbii: imo kwenye jasho la vidole, imo kwenye hewa ya bahari, imo kwenye vumbi la dirishani.

Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, huko Heidelberg, walitambua kwamba kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya nyingine, na kwa njia hiyo wakagundua siziamu mwaka 1860 na rubidiamu mwaka 1861. Heliamu nayo, mstari wake wa njano wa 587.6 ulionekana kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata gesi yenyewe hapa duniani.

Kuupima mstari kwa simu

Kuona peke yake ni raha, lakini kipimo ndicho kinachofunga mdomo wa mbishi. Bandika simu juu ya mfuniko, kamera ikiwa kwenye tundu, isisogee tena. Piga picha ya tyubu. Bila kugusa simu wala kuisogeza, hamisha boksi zima uelekeze kwenye moto wa chumvi, upige nyingine. Zitazame picha zote kwa ukubwa ule ule, uweke rula.

Tuseme kwenye picha ya tyubu mstari wa 436 uko milimita 20 na wa 546 uko milimita 42. Tofauti ni nanomita 110 kwa milimita 22, yaani 5 kwa kila milimita moja. Kwenye picha ya chumvi mstari uko milimita 50.5. Umevuka ule wa kijani kwa 8.5, ukizidisha kwa 5 unapata 42.5, ukijumlisha na 546 unapata 588.5. Ukipata kati ya 580 na 600, ufa wako ni mzuri na mkono wako umetulia. Ukipata 640, simu ilisogea.

Bohr, kwa kalamu na karatasi

Haidrojeni huwezi kuichemsha kwenye meko, basi tunatumia mistari iliyokwisha kupimwa. Kwa macho huonekana minne: 656.3, 486.1, 434.0 na 410.2. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana huko Basel, aliziangalia namba hizo mpaka akapata kanuni: chukua 364.6, zidisha kwa n mara n, gawanya kwa n mara n toa 4. Weka n iwe 3: 364.6 mara 9 gawanya kwa 5, unapata 656.3. Weka 4, unapata 486.1. Endelea mwenyewe kwa 5 na 6. Kanuni inafanya kazi, na kwa miaka 28 hakuna aliyejua kwa nini.

Niels Bohr, Mdenmaki aliyekuwa amefanya kazi kwa Rutherford Manchester, alileta jibu mwaka 1913. Alisema elektroni haikai popote itakapo. Kuna mizunguko iliyoruhusiwa tu, na ikiwa kwenye mmoja wao haitoi mwanga hata kidogo. Mwanga hutoka inaporuka kutoka mzunguko wa juu kwenda wa chini, na rangi yake inaamuliwa na tofauti ya nishati kati ya mizunguko hiyo miwili. Kwa haidrojeni, nishati ya mzunguko wa n ni -13.6 gawanya kwa n mara n, kwa elektroni-volti, kipimo kidogo cha nishati.

Chukua daftari. Mzunguko wa 2: 13.6 kwa 4 ni 3.40. Wa 3: 13.6 kwa 9 ni 1.51. Wa 4: 0.85. Elektroni ikishuka kutoka wa 3 hadi wa 2, tofauti ni 3.40 toa 1.51, yaani 1.89. Kugeuza elektroni-volti kuwa nanomita, gawanya 1240 kwa namba hiyo: 656. Huo ndio mstari mwekundu. Kutoka wa 4 hadi wa 2 tofauti ni 2.55, na 1240 kwa 2.55 ni 486. Huo ni wa buluu-kijani. Mfanye mtoto apige hesabu hizi mbili mwenyewe kabla ya kumchorea duara yoyote, maana duara bila hesabu hizi ni pambo la daftari.

Na ile sodiamu? Ukigawanya 1240 kwa 589 unapata 2.1. Hiyo ndiyo nishati inayotolewa na elektroni ile moja ya nje, yule "1" wa 2.8.1, inapopandishwa na joto la meko na kurudi chini. Zile kumi za ndani hazishughuliki na moto mdogo hivyo.

Hapa kuna jambo ambalo madaftari hulificha. Kanuni ya 13.6 haikupi ile 589. Ilifaulu kwa haidrojeni na kwa atomi nyingine zilizobaki na elektroni moja tu. Ikafika heliamu, yenye elektroni mbili, ikakwama. Bohr mwenyewe hakuwa na sababu ya kueleza kwa nini mizunguko fulani iruhusiwe na mingine ikatazwe. Mwaka 1924 Louis de Broglie, Mfaransa, akasema elektroni ina tabia ya wimbi. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wa wimbi hilo, na ngazi zile zile za Bohr zikatokea bila kulazimishwa. Toka hapo elektroni haina njia ya kuchorwa kwa bikari. Kuna mahali inapoelekea zaidi kupatikana na mahali inapoelekea kidogo. Mwaka 1927 mawimbi hayo yalionekana maabara, Marekani kwa Davisson na Germer, na Uingereza kwa G. P. Thomson. Huyo wa mwisho ni mtoto wa J. J. Thomson tuliyeanza naye. Baba alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kazi iliyoonyesha elektroni ni chembe, mwana akapata yake mwaka 1937 kwa kuonyesha ni wimbi, na wote wawili walisema kweli.

Kwa mtihani, chora duara zako kama mwalimu anavyotaka. Ila kama shule yenu ina mrija wa haidrojeni na mtambo wake wa volti kubwa, muombe mwalimu auwashe dakika moja, ulete na kisanduku chako. Mwekundu wa 656 utauona mara moja, wa 486 bila shida, wa 434 ukizima taa zote za chumba. Wa 410 ni wa vijana wenye macho mazuri.

Baada ya muda utaona mistari imeanza kuwa minene na yenye mikwaruzo. CD haina kosa. Ni kutu: hewa ya bahari hula makali ya wembe. Bandua nyembe, weka mpya, bana karatasi yako tena katikati kabla ya kubandika, na kisanduku kikiwa hakitumiki kifunge ndani ya mfuko wa plastiki.